Aliyesimama Miguuni pa Oresta

Mikono isiyosalimiana humzika aliye hai. Ndivyo nilivyosema hapa jikoni, na ninyi wawili mkacheka. Edina ametia chumvi kwenye maharage akaenda kisimani. Mekizedeki amekuja nyuma yake akatia chumvi tena, kwa wema tu, akaenda kuchanja kuni. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Sasa chungu kizima hakilambiki, na mnaniuliza, Bibi, chumvi na kuzikana vina undugu gani?

Basi menyeni viazi, hivyo vilivyo kwenye kikapu, mvitumbukize humo. Kiazi kinavuta chumvi. Vikiiva, nami nitakuwa nimefika mwisho.

Neno hili halikushuka na mvua, wala si la wazee wa zamani. Mimi nilikuwepo lilipotamkwa mara ya kwanza, nikiwa mama wa watoto wawili, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Nilikuwa na wifi. Nitamwita Oresta, jina la ubatizo ambalo siku hizi halitumiki. Alikuwa mwanamke wa sauti. Akisimama njia panda kunadi mali yake, watu wa bondeni walikuwa wanasikia na kumjibu. Kwangu mimi alikuwa mtani asiyechoka. Aliniita mke wetu, akawaambia watu kwamba ugali wangu una madonge ya kujengea nyumba, na kwamba kaka yake alinioa kwa sababu siku ile kulikuwa na ukungu, hakuniona vizuri.

Msimu mmoja wa baridi, miguu yake ikaanza kufa ganzi. Ilianza nyayo, tukadhani ni baridi. Ganzi ikapanda kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, ikafika magoti, kiuno, mikono. Ilipofika kifuani tukambeba mpaka hospitali ya misheni, kule juu inakopakana na msitu wa misindano, ile misonobari. Jina la hospitali nitaliacha, si la kusemwa.

Wakamlaza kwenye chumba cha mahututi. Wakampa mashine ya kupumulia, na baadaye, walipoona safari itakuwa ndefu, wakamtoboa tundu hapa shingoni, mpira wa mashine ukapitia hapo. Pumzi ikiishia shingoni, sauti haina njia. Kwa hiyo Oresta yule, wa kusikika bondeni, akawa macho tu. Akili yake ilikuwa nzima. Alikuwa anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, na hawezi kuinua hata kidole kumfukuza nzi.

Akakaa hivyo, hafi wala haponi. Sisi wa nyumbani tunajua mgonjwa wa wiki, na tunajua msiba. Huyu wa katikati hatukujua tumwekee matanga au tumwombee apone.

Daktari wake aliitwa Chaula, mtu mrefu, mpole. Alitueleza kwamba ugonjwa wenyewe umeshaanza kurudi nyuma. Kilichobaki ni kifua kujifunza upya kazi yake. Kwa hiyo kila siku, karibu na adhuhuri, alikuwa anapunguza nguvu ya mashine aone kama mgonjwa atavuta pumzi mwenyewe. Na kila siku Oresta alikuwa anavuta kidogo, anabadilika rangi, macho yanamtoka, na daktari anairudisha mashine haraka, anaandika, anaondoka ameinamisha kichwa.

Waliomhudumia walikuwa wanne, na sitaki mseme kwamba yeyote kati yao alikuwa mbaya. Usiku alikuwepo Sista Anyesi, muuguzi. Asubuhi alikuja Bi Wende, mtaalamu wa lishe, akamlisha uji kwa mpira uliopita puani. Baada yake alikuja Bwana Ngailo, wa mazoezi ya viungo, akamnyoosha na kumkalisha. Mwisho daktari. Kila mmoja alikuwa hodari wa kazi yake. Kila mmoja alikuja kwa saa yake, akafanya, akaandika, akatoka kwa mlango uleule kabla mwingine hajaingia.

Sasa sikilizeni jambo hili, ndilo lenye hadithi.

Mnajua kwetu mtu hapiti mtu. Ukikutana naye unasema kamwene, anaitika kamwene, mikono imeshikana, na mikono haiachani mpaka mmeulizana watoto, mifugo na mvua. Asiyeitika huulizwa ni nani na anatoka wapi. Lakini kule hospitali, kabla hatujafika sisi, kilipita kipindupindu. Ikatoka amri: hakuna kupeana mikono. Ilikuwa amri nzuri, iliokoa watu. Kipindupindu kikaisha, amri ikabaki imebandikwa ukutani, na watu wakaizoea. Mikono ilipoacha kushikana, vinywa navyo vikaona uvivu. Watu wa hospitali ile wakawa wanapitana kwenye korido kama vivuli, kila mtu na joho lake la kijani, kofia, kitambaa mdomoni, macho tu yanaonekana. Ukimsalimia mmoja, anatikisa kichwa. Mwingine hatikisi.

Sisi ndugu hatukuruhusiwa kuingia isipokuwa kidogo, daktari akishamaliza. Muda wote uliobaki nilikuwa nakaa kwenye benchi la korido, mbele ya dirisha la kioo, namtazama wifi yangu. Kipindi kile ukungu ulikuwa hauinuki mchana kutwa. Ulikuwa unatambaa kutoka msituni, unaingia kwenye korido kama mtu wa nyumbani, na kioo kinakuwa cheupe mpaka nikifute kwa khanga.

Ndipo nilipomwona wa tano.

Mara ya kwanza sikushtuka. Nilifuta kioo, nikaona Bi Wende ametoka, Bwana Ngailo hajafika, na kuna mtu amesimama miguuni pa kitanda. Joho la kijani, kofia, kitambaa. Hafanyi kitu. Amesimama tu, mkono mmoja umeingia chini ya blanketi, pale kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Nikajisemea, huyu naye ana kazi yake, labda anapima joto. Alipotoka akanipitia pale benchi. Nikamwambia kamwene. Hakuitika. Nikasema moyoni, watu wa hapa ndivyo walivyo.

Ninyi mnaona? Mahali ambapo watu wanasalimiana, yule angejulikana siku ileile.

Siku zilizofuata nilimwona tena na tena. Alikuwa anakuja pale mmoja alipotoka na mwingine hajaingia. Kila alipokuja, siku ile Oresta alishindwa vibaya zaidi. Nami nikawa nasikia baridi ya ajabu akipita, baridi ya udongo uliofukuliwa, lakini kule kulikuwa baridi kote, ningemwambia nani?

Ikafika siku daktari akamwita mume wa Oresta, nami nikaambatana naye. Alituambia bila kuzunguka, na nilimheshimu kwa hilo. Mashine ilikuwa moja, wenye kuihitaji wengi. Ijumaa atajaribu kwa mara ya mwisho. Mgonjwa akishindwa, tutamchukua akapumzike kwake. Hakuna aliyeuliza kupumzika maana yake nini. Mume wake alirudi nyumbani kuwaambia wazee. Mzee mmoja mwenye haraka akasema afadhali mahali paonyeshwe mapema. Wakapanda kilimani, juu ya nyumba ya Oresta, karibu na ile mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi, pale udongo ulipo mwekundu kama tofali. Wakafyeka, wakatifua kidogo, wakachomeka vijiti vinne kwenye pembe. Mtu hajafa, mahali pake pameshafyekwa. Hilo nalo ni la watu wa kwetu, kujiandaa kupita kiasi.

Nami nilikuwa najua. Nilikaa kwenye benchi nikijua, na Oresta akinitazama kupitia kioo, nikawa nashindwa kumtazama.

Siku mbili kabla ya Ijumaa ile, ukungu ulikuja mzito hata gari la wafanyakazi likashindwa kupanda mlima. Zamu ya Sista Anyesi ilikuwa imeisha zamani, lakini hakuwa na njia ya kwenda kwake. Akaja akakaa benchi nami, akavua kile kitambaa cha mdomoni. Ndiyo mara ya kwanza nikaona kumbe ana mwanya. Ndani, daktari alikuwa amepunguza mashine kama kawaida yake. Bwana Ngailo alikuwa amesahau mto wake wa mazoezi, amerudi kuuchukua. Bi Wende amefuata kikombe chake. Ukungu ule ndio uliowakusanya.

Taa zikazimika. Mashine ikalia mlio mmoja mrefu, ikanyamaza. Kule nyuma jenereta likakohoa, likakohoa tena, likaacha.

Daktari akauchomoa mpira, akachomeka mfuko wa kupumulia, ule wa kuminya kwa mkono, akaanza kuminya. Sista Anyesi alishaingia kabla hajaitwa. Mimi nikaitwa niingie nisimame kichwani, nimwongeleshe mgonjwa asiogope. Nikamshika shavu. Nikamwambia, mke wenu nipo hapa, na leo sikuja na ugali. Macho yake yakanishika kama mtu anayezama.

Mfuko ule unachosha. Unaminya kwa mpango, pumzi kwa pumzi, na ukikosea mgonjwa anapata shida. Daktari alipochoka, akampa Bwana Ngailo. Na huwezi kuupokea mfuko kwa mbali. Lazima uweke mkono wako juu ya mkono wa mwenzako, muminye pamoja mpaka upate mwendo wake, ndipo yeye atoe wake. Hivyo mikono ile ikagusana.

Bwana Ngailo aliminya kidogo, akakunja uso. "Kifua kimekaza hivi kwa nini? Asubuhi nilikiacha laini."

"Asubuhi ipi?" daktari akamuuliza.

"Leo. Nimemkalisha, nimemgongagonga mgongo, nimemnyoosha mpaka jasho likamtoka. Kila siku namwacha hoi, halafu nakuachia wewe."

"Unaniachia mimi," daktari akasema. "Mimi nilidhani namkuta amepumzika tangu alfajiri."

Bi Wende alikuwa anasubiri zamu yake ya mfuko. "Atapumzika saa ngapi, daktari? Kabla ya Ngailo nakuwa nimeshamjaza uji. Namjaza kweli, maana amekonda. Tumbo linakuwa kama ngoma."

"Ndiyo maana nikimwinamisha anatapika," Bwana Ngailo akasema. "Nikadhani ni ugonjwa."

Sista Anyesi alikuwa anafuta makohozi shingoni pa mgonjwa. Hakuinua kichwa. "Na dawa ya kumtuliza nampa mimi, kabla sijaondoka. Alikuwa analia machozi bila sauti. Nikasema alale, mchana hana kazi."

Ulisikika mfuko tu, unavuta, unatoa.

"Mchana ana kazi," daktari akasema mwishowe. "Nakuja mimi kumwambia apande mlima. Amenyweshwa dawa, ameshindiliwa uji, amekimbizwa asubuhi nzima. Naandika, ameshindwa." Akajifuta paji la uso kwa kiwiko. "Kila siku naandika ameshindwa."

Nami kwa sababu walikuwa wanaambiana kila mtu kazi yake, nikauliza kwa nia njema kabisa. "Na yule mwenzenu wa tano, yeye kazi yake ipi?"

"Yupi, mama?"

"Anayesimama hapo miguuni mkishatoka."

Daktari akamtazama Bwana Ngailo, akasema yule si mwanafunzi wako wa mazoezi? Bwana Ngailo akasema yeye hana mwanafunzi, alidhani ni mtu wa jikoni anayemsubiri Bi Wende. Bi Wende akasema alidhani ni muuguzi mgeni. Sista Anyesi akasema wauguzi wageni hawajaletwa tangu mwaka jana. Yeye alikuwa anamwona wakati wa kukabidhi zamu, akadhani ni ndugu wa mgonjwa aliyeruhusiwa. Wote walikuwa wamemwona. Wote walikuwa wamempisha mlangoni.

"Kuna aliyewahi kumsalimia?" nikauliza.

Bi Wende akatikisa kichwa, na wenzake nao wakatikisa vichwa.

Ndipo nikaona Oresta hanitazami tena. Macho yake yalikuwa yameelekea miguuni pa kitanda, yamekaza. Nasi tukatazama huko. Hakukuwa na mtu. Lakini blanketi, pale kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, lilikuwa limebonyea. Limebonyea kama vile linavyobonyea kiganja kikiwa juu yake, na vidole vitano ukavihesabu.

Bwana Ngailo alikuwa amechoka, na ilikuwa zamu ya Bi Wende. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Bwana Ngailo. Sijui nini kilimjia yule mwanamume. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kamwene."

"Kamwene," Bi Wende akaitika.

Sista Anyesi akanyoosha mkono juu ya kitanda, akamshika daktari. "Kamwene, daktari."

"Kamwene, Sista."

Na blanketi likainuka. Taratibu, kama unga uliotiwa chachu, mpaka likawa sawasawa. Nywele zangu zilisimama ndani ya kilemba. Bi Wende aliendelea kuminya, machozi yanamtoka, mwendo haukupotea hata pumzi moja. Umeme ukarudi.

Hawakulizungumza lile jambo tena mbele yangu. Walizungumza kazi. Walisogea pembeni, wakapanga upya siku nzima ya mgonjwa kama watu wanaopanga mazishi, au harusi. Dawa ya alfajiri ikafutwa, mgonjwa akilia akae mtu amshike mkono. Uji ukawa kidogokidogo. Mazoezi yakasogezwa alasiri. Na kupumua kukajaribiwa asubuhi, akiwa ameamka na nguvu zake. Daktari akasema pia kwamba kabla ya lolote, kila asubuhi, wote wanne watasimama kando ya kitanda kwa pamoja, watapeana mikono, kila mtu aseme alichofanya na atakachofanya, ndipo wanawe mikono kwa sabuni na spiriti, ndipo wamguse mgonjwa. Wakinawa, amri ya kipindupindu haijavunjwa.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa benchi. Mume wa Oresta alikuwa nje na wanaume wa ukoo, wamekuja na machela ya mianzi. Nilifuta kioo. Mle ndani wanne walisimama wamekizunguka kitanda, wameshanawa, mikono imeshikana, na daktari alikuwa ameuchukua mkono wa Oresta mwenyewe, ameutia katikati ya mikono yao.

Baridi ikanipita. Sikusikia hatua. Aliyevaa joho alikuwa ameshafika mlangoni pa chumba.

Daktari akageuka, akamwona. Hakumpisha. Akatoa mkono wake kwenye mikono ya wenzake, akamnyooshea.

"Kamwene," alisema. "Wewe ni nani, na umekuja kufanya nini kwa huyu mgonjwa?"

Mkono wa daktari ukabaki umening'inia hewani. Naye Sista akanyoosha wake. Bwana Ngailo na Bi Wende nao vilevile. Mikono minne ilinyooshwa kuelekea mlangoni, inasubiri, kwa adabu. Yule hakutoa wake. Mikono yake aliiingiza ndani ya joho, kama mtu aliyetoka kwenye kazi ya udongo asiyetaka uione. Akarudi kinyumenyume. Akanipita. Akaingia kwenye ukungu wa korido, na ukungu ukafunga.

Pale mlangoni, juu ya saruji, palibaki chembe za udongo. Udongo wa kule juu ni mweusi, watoto wangu. Ule ulikuwa mwekundu kama tofali.

Daktari akanawa tena mikono, akaipunguza mashine.

Oresta akavuta pumzi. Ndogo. Akavuta nyingine. Sista alikuwa anamhesabia kwa kichwa, Bwana Ngailo amemshikilia mgongo asilale vibaya, Bi Wende amesimama hana la kufanya ila kumtazama usoni, na alimtazama kweli. Oresta alipumua kwa kifua chake mwenyewe muda unaotosha viazi kuchemka. Halafu daktari akairudisha mashine, kabla hajachoka. Akatoka kututangazia. Alitikisa kichwa kwenda juu na chini. Wanaume wakaitupa machela kwenye majani.

Siwadanganyi kwamba alipona siku ile. Kesho yake aliongeza kidogo. Kuna siku alirudi nyuma, na mume wake akaanza kuitazama tena ile machela. Lakini sasa akirudi nyuma, wanne walikuwa wanajua kwa nini, kwa sababu walikuwa wanaambiana.

Ikaja siku ya kumpa sauti. Kuna kifuniko kidogo kinawekwa kwenye lile tundu, pumzi inapanda mpaka kooni. Hiyo kazi haifanywi na mmoja. Sista alimsafisha kifua, Bwana Ngailo akamkalisha, Bi Wende alikuwa amechelewesha uji makusudi, daktari akaweka kifuniko. Mimi nilikuwa nimeruhusiwa. Sote tukasubiri.

Midomo ikacheza. Ikatoka sauti ya kukwaruza, kama mlango wa zamani.

"Mke wetu," akasema, ananitazama juu mpaka chini. "Umenona. Msiba wangu mmeanza kuula kabla sijafa?"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Walicheka wote, hata daktari. Yeye hakucheka. Alisubiri tumalize, akakusanya pumzi, akasema kwa vipande vipande.

"Nilikuwa shimoni. Shimo jekundu. Juu kulikuwa na mikono. Mmoja unanivuta juu, naanza kupanda. Mwingine unanilaza. Mwingine unanijaza, nakuwa mzito. Nikasema hawa ni watu wangu, mbona wananivuta huku na huku? Na wa tano ulikuwa chini, miguuni. Wenyewe haukuwa na haraka. Kila ninyi mkiachia, unafukia kidogo."

Sista Anyesi aliuliza, "Mikono yetu ilikuwa mibaya kiasi hicho, mama?"

"Haikuwa mibaya," Oresta akasema. "Ilikuwa na joto. Haikuwa imesalimiana tu. Mikono isiyosalimiana humzika aliye hai."

Pale hospitali wakalishika neno lile. Lile tangazo la zamani likabanduliwa, na wanasema mpaka leo kitandani pa mgonjwa wa muda mrefu watu wa kule hushikana mikono kwanza, na mgeni asiyejulikana hapiti bila kuitika. Kutoka huko likashuka na wagonjwa waliopona, likaingia sokoni, likaingia kwenye vikao vya harusi, likafika mpaka kwenye chungu chenu cha maharage.

Mnanitazama hivyo kwa nini? Edina ameshajua. Sema, mjukuu wangu. Ndiyo. Yule mnayemwita Bibi Viazi. Ndiyo maana anafunga kitambaa shingoni hata jua likiwa kali. Ndiyo maana akiwapa mkono hauachii, mnamcheka, mnasema anawahesabu vidole. Na kifundo cha mguu wa kushoto anakivisha soksi ya sufu mwaka mzima, kwa sababu hapo hapajawahi kupata joto tena.

Vimeiva? Pakueni. Onjeni kama chumvi imepungua. Alivileta yeye mwenyewe jana, kikapu kichwani. Aliporudi nyumbani na miguu yake, alikwenda pale juu kwenye mianzi, akaving'oa vile vijiti vinne, akasema ardhi iliyokwisha kutifuliwa haiachwi bure. Akapanda viazi. Amepalima pale kila msimu mpaka leo, na havitoki vitamu hivi mahali pengine popote.

Mbona mmeacha kutafuna? Kuleni. Lakini kwanza, Edina, mpe mkono ndugu yako. Mikono isiyosalimiana humzika aliye hai.